Kabla ya kupanda ndege Luano: mkataba wa kwanza wa binti anayecheza mpira nje

Tangu tarehe 23 Novemba 2024 simu za Lubumbashi hazijapoa. Siku hiyo wasichana wa TP Mazembe waliifunga AS FAR bao 1-0 kule El Jadida, Moroko, kwa penalti ya Marlène Kasaj, wakarudi Kamalondo na kombe la Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya CAF. Mwanzoni mwa 2025 Merveille Kanjinga akatoka Mazembe akasaini Paris Saint-Germain. Basi sasa kila kiwanja cha vumbi cha Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, kina bwana mmoja mwenye simu mbili anayeuliza, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Wazazi huuliza ataenda lini. Mimi ningeanza na swali la anaenda na nini mkononi, kwa sababu mambo mengi yanayomkwamisha binti huko yanatengenezwa hapa, miezi sita kabla ya safari, na hapa ndipo yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa.

Umri kwanza

Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinasema uhamisho kutoka nchi moja kwenda nyingine unaruhusiwa kwa mchezaji aliyetimiza miaka 18. Kuna milango michache ya pembeni, na karibu yote haimhusu mtoto wa Lubumbashi. Ule wa miaka 16 hadi 18 ni kwa uhamisho unaofanyika ndani ya Umoja wa Ulaya wenyewe. Ule wa wazazi waliohama unataka wawe wamehama kwa sababu isiyohusiana na mpira, kwa hiyo klabu ikimtafutia papa (baba yake) kazi ya ulinzi ili binti asajiliwe, ombi linakataliwa.

Uko pia mlango wa mpakani, na huu unaulizwa sana kwa sababu ya Zambia. Mchezaji awe anaishi kilomita zisizozidi 50 kutoka mpakani, klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50 upande wa pili, nyumba na klabu visiachane zaidi ya kilomita 100, binti aendelee kulala nyumbani kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Lubumbashi yenyewe haiko mbali na mpaka upande wa Kipushi, lakini sharti la klabu kuwa karibu na la kulala nyumbani ni gumu kulitimiza kutoka hapa. Binti anayeishi Kasumbalesa penyewe na kucheza ng'ambo angeweza kuombewa. Wa Kampemba, asitegemee.

Kwa hiyo anayeahidi "akademi ya Uturuki" kwa mtoto wa miaka 16 anadanganya, au hajui anachosema. Matokeo ni yaleyale: mtoto anafika, hasajiliwi, anafanya mazoezi bila leseni wala bima.

Jambo la kupunguza au kuongeza miaka nalo lisemwe wazi. Mfumo wa FIFA wa uhamisho, TMS, unatunza tarehe ya kuzaliwa, na pasipoti ya mchezaji (karatasi ya shirikisho, si ile ya kusafiria) inaorodhesha klabu zake tangu mwaka aliofikisha miaka 12. Ukiongeza miaka miwili leo ili atoke haraka, tarehe hiyo itagongana na leseni ya zamani, na daftari la shule, na orodha ya timu ya vijana. Mgongano huo hauonekani siku ya kusaini. Unaonekana siku klabu kubwa inapotaka kumnunua na mwanasheria wao kufungua faili.

Majina matatu kwenye visanduku viwili

Hili ni tatizo letu wenyewe, na linachelewesha kazi kuliko watu wanavyodhani. Karatasi za Kongo zina nom (jina la ukoo), postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza). Fomu za nje zina jina la kwanza na jina la ukoo tu. Mwandishi wa klabu anachukua mawili anayoyapenda, kwenye mkataba linatoka jina moja, kwenye pasipoti lingine, kwenye leseni ya FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, la tatu. Benki inakataa kufungua akaunti, na mshahara unakaa kwa klabu.

Dawa yake ni kuchagua mpangilio mmoja na kuufuata kila mahali. Angalia ukurasa wa pasipoti, ile mistari miwili ya chini yenye herufi kubwa na alama za mshale: hapo ndipo mashine inasoma jina. Mpangilio huo ndio uende kwenye mkataba, kwenye TMS, kwenye visa, kwenye tiketi ya ndege na kwenye benki. Klabu ikituma mkataba wenye jina pungufu, rudisha. Ni dakika tano za kuandika upya, dhidi ya wiki za kuhangaika baadaye.

Wengi hawakuandikishwa ndani ya siku 90 za kuzaliwa, kwa hiyo hawana acte de naissance (cheti cha kuzaliwa) ya kawaida. Hao wanahitaji jugement supplétif, hukumu ya kuthibitisha kuzaliwa, kutoka mahakamani, kisha commune (ofisi ya manispaa) itoe acte kwa msingi wa hukumu hiyo. Usikubali mtu akutengenezee acte "ya haraka" bila hukumu, maana ubalozi unaomba vyote viwili. Ongeza casier judiciaire (cheti cha kutokuwa na makosa ya jinai), pasipoti yenye muda wa kutosha (ningependa ibaki na angalau miezi 18, ili isiishe katikati ya msimu na kumlazimisha kutafuta ubalozi katika mji asioujua), na kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Karatasi zikihitaji kutafsiriwa, zitafsiriwe na mtafsiri anayekubaliwa na ubalozi husika. Uliza kwanza, ndipo ulipe.

Visa yenyewe: visa ya Schengen ya siku 90 ni ya kutembelea au kufanya majaribio. Haimruhusu kulipwa mshahara. Mwenye mkataba anaomba visa ya muda mrefu, na kwa kawaida klabu ndiyo inaanzisha kibali cha kazi upande wake kabla binti hajapeleka faili ubalozini. Klabu inayosema "njoo na visa ya utalii, tutarekebisha huku" inamwekea binti mzigo ambao wao hawaubebi.

Tena, dirisha la usajili halisubiri visa. Shirikisho jipya lazima liombe cheti cha uhamisho cha kimataifa, ITC, kwenye TMS kabla dirisha halijafungwa. Bila ITC hachezi, hata kama tayari ana chumba, jezi na namba. Kwa wanawake wa kulipwa TMS ni lazima tangu Januari 2018. Muulize mkurugenzi wa klabu tarehe kamili ya kufungwa kwa dirisha la wanawake, maana mara nyingi si ile ya wanaume iliyoandikwa kwenye magazeti.

Je, ana mkataba hapa?

Familia nyingi hazijui. Zinajua alisaini "karatasi" akiwa na miaka 15, na nakala hawana. Leseni peke yake haimfanyi awe wa kulipwa. Kwa FIFA mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Kama ana mkataba wa namna hiyo, klabu ya nje inaweza kuzungumza naye moja kwa moja pale tu unapobakiwa na miezi sita au chini yake. Kabla ya hapo wanapaswa kuiandikia klabu yake kwanza. Aliyesaini akiwa chini ya miaka 18, kanuni zinautambua mkataba huo kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Nenda klabuni, omba nakala kwa adabu na kwa maandishi. Ukinyimwa, andika tarehe uliyoomba na jina la uliyemwomba. Utaihitaji.

Na kuhusu papa wa akademi anayedai "nusu ya mtoto ni yangu": FIFA imekataza tangu Mei 2015 mtu wa tatu kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Ile fidia ya malezi ambayo klabu za wanaume hupata haitumiki kabisa kwenye mpira wa wanawake. Najua hiyo inawaumiza makocha wa mitaa waliolea watoto hawa kwa jasho lao, na kwa maoni yangu kanuni hiyo haiwatendei haki klabu ndogo. Lakini haimpi mtu ruhusa ya kumsainisha binti karatasi ya asilimia.

Manajeri, na video

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linaonekana kwenye orodha ya FIFA mtandaoni bila malipo. Usipolikuta humo, mazungumzo yaishe. Mkataba wake na mchezaji hauzidi miaka miwili. Hawezi kumsogelea mtoto mapema zaidi ya miezi sita kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na ikiwa ni mdogo mzazi lazima asaini pia. Ujira wake unatoka kwenye fedha za mkataba. Anayeomba dola 800 za "faili" au 1,500 za "visa na test" amekuja kwa ajili ya hizo dola.

Mwaliko wa majaribio uwe barua ya klabu yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, mahali pa kulala, anayelipa tiketi ya kwenda na ya kurudi, na bima akiumia. Piga simu kwa klabu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao wenyewe. Ile iliyo kwenye barua inaweza kuwa ya yeyote.

Video: dakika nne au tano za matukio, na mechi mbili nzima. Makocha wa nje wanaziamini mechi nzima kuliko mabao yaliyokatwa, kwa sababu humo wanaona anafanya nini mpira ukiwa mbali naye. Simama usawa wa katikati ya kiwanja, juu ya kitu cha mita nne au zaidi, simu ilazwe kwa upana kwenye stendi ya miguu mitatu. Usimfuate binti peke yake. Waonekane wachezaji kumi na tano hivi kwa wakati mmoja. Mwanzoni andika tarehe, wapinzani, namba ya jezi na nafasi. Muziki toa.

Mkataba wenyewe

Hapa ndipo pa kukaa. Usomwe nyumbani, mezani, na mtu anayeijua lugha yake, kwa siku mbili angalau. "Saini leo jioni" ni mbinu ya kuuza viatu.

Tafuta kwanza neno brut (kabla ya makato) au net (baada ya makato). Brut 1,500 kwa mwezi, makato yakiwa 22 kwa mia, ni 1,170 mkononi, na kama kodi ya nyumba ni juu yake 450, zinabaki 720 za chakula, usafiri na Lubumbashi nzima inayosubiri. Kisha hesabu miezi. Mikataba mingine inalipa 10 badala ya 12, na mchezaji anagundua Julai. Angalia kiasi cha kila mwezi, siku ya mwezi ya kulipa, sarafu gani, na kwa njia ya benki. Sarafu inayoporomoka inaweza kula robo ya mshahara ndani ya msimu mmoja bila klabu kuvunja kipengele hata kimoja, kwa hiyo omba kiasi kiandikwe kwa euro au dola. Hispania ina mkataba wa pamoja wa ligi ya wanawake: baada ya mgomo wa Septemba 2023 kima cha chini kiliwekwa euro 21,000 kwa msimu wa 2023/24, kikapanda hadi 23,500 kwa 2025/26. Nchi nyingi hazina kima kama hicho, kwa hiyo kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Muda: kanuni zinataka mkataba ufike angalau mwisho wa msimu, na usizidi miaka mitano. Kwa wa kwanza ningechagua msimu mmoja na nusu au miwili. Mmoja tu ni mfupi, kwa sababu nusu yake inaliwa na baridi, lugha na majeraha madogo. Minne inamfunga binti kwa mshahara wa kuanzia wakati ameshakuwa mchezaji mwingine. Na soma kwa makini kipengele cha kuongeza. Kikisema klabu "inaweza kuongeza mwaka mmoja" bila ridhaa yake na bila nyongeza ya mshahara, huo ni mkataba wa miaka mitatu uliovaa nguo za miwili. Kitoke, au kiandikwe mshahara mpya na tarehe ya mwisho ya klabu kutoa taarifa.

Mkataba hauruhusiwi kutegemea vipimo vya daktari au kibali cha kazi. Klabu ipime kabla ya kusaini. Sentensi inayosema "utaanza kutumika akifaulu vipimo" ni kosa lao, na inaonyesha kuwa aliyeandika hajui kazi yake au anategemea ninyi hamjui.

Tiketi: iandikwe "Lubumbashi". Mikataba mingi inasema "kwenda na kurudi Kongo", klabu inanunua hadi Kinshasa, na binti anabaki uwanja wa ndege wa N'djili na mabegi mawili, akitafuta mwenyewe nauli ya ndege nyingine ya ndani ya nchi. Andika: tiketi mbili za kwenda na kurudi kwa msimu, Luano hadi mji wa klabu, pamoja na begi la pili.

Nyumba: chumba chake mwenyewe au cha kushirikiana, na nani? Umeme na joto vinalipwa na nani? Kupasha nyumba joto Januari huko Uswidi au Ufaransa si jambo la senti. Baada ya mkataba kuisha ana siku ngapi za kuhama? Omba 30.

Bima na majeraha: goti ndilo adui mkubwa. Wanawake wanakatika kano ya mbele ya goti zaidi ya mara mbili ya wanaume, na kurudi uwanjani kunachukua miezi tisa hadi kumi na miwili. Mkataba useme klabu inalipa upasuaji na tiba ya viungo hadi apone, hata kama muda utakuwa umeisha, na mshahara unaendelea mzima. Wakikataa la pili, angalau lijulikane kabla.

Uzazi: mabinti wanaona aibu kuuliza, na mama ndiye aulize. Tangu Januari 2021 FIFA inampa mchezaji likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa uchache, wiki 8 kati yake baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara, na klabu haiwezi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Tangu Juni 2024 imeongezwa haki ya kukosa mazoezi au mechi kwa ajili ya afya ya hedhi, akiwa na cheti cha daktari, bila kukatwa. Vipengele hivi vinasimama hata kama mkataba umenyamaza.

Mwisho wa kurasa: lugha ipi ndiyo yenye nguvu tafsiri zikigongana, na migogoro inaenda wapi. Saini kila ukurasa, ondoka na nakala yenye saini za pande zote, ipige picha, mwachie mama nakala.

Mshahara usipolipwa

Hutokea, hata kwenye ligi zenye jina. Kosa la kwanza la wachezaji wetu ni kukasirika na kupanda ndege. Akiondoka bila utaratibu, yeye ndiye mvunja mkataba: atadaiwa fidia, na akiwa ndani ya kipindi cha ulinzi (misimu mitatu au miaka mitatu ya kwanza kwa aliyesaini kabla ya miaka 28) anaweza kufungiwa miezi minne.

Utaratibu uko kwenye kifungu cha 14bis. Mishahara ya miezi miwili ikishapita tarehe bila kulipwa, mchezaji anaiandikia klabu barua: kiasi cha kila mwezi, tarehe kilipopaswa kulipwa, namba ya akaunti, na muda wa siku 15 kamili wa kulipa. Itumwe kwa barua pepe iliyotajwa kwenye mkataba na pia kwa njia yenye risiti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kocha msaidizi hauhesabiki. Siku hizo 15 anaendelea kwenda mazoezini kila siku, na kama wamemzuia mlangoni, apige picha na aandike barua pepe siku hiyohiyo: "nilikuja saa tatu, nilizuiwa." Zikipita bila malipo, ana haki ya kuvunja mkataba kwa barua ya pili.

Kisha madai yanapelekwa Mahakama ya Mpira ya FIFA kupitia mtandao. Kwa mchezaji ni bure, na yana muda wa miaka miwili tangu tukio. Klabu ikishindwa na isipolipa ndani ya siku 45, inaweza kuzuiwa kusajili hadi madirisha matatu. Hicho ndicho wanachokiogopa. Lakini bila karatasi za mshahara, taarifa za benki na ile barua ya siku 15, kesi nzuri inakuwa hadithi tu.

Mwili

Uwanja wa TP Mazembe ni nyasi bandia, na vingine vingi hapa ni udongo mgumu. Binti akifika kwenye nyasi za kweli zilizolowa mvua, mguu unateleza hatua ya kwanza, unazama ya pili, na wiki ya tatu nyonga na paja la ndani vinauma. Aende na jozi mbili: moja ya meno mafupi ya nyasi kavu, nyingine ya meno ya chuma ya nyasi laini. Hiyo ya chuma asiivae kamwe kwenye nyasi bandia. Meno yanashika, mguu unabaki, goti linazunguka. Avivae nyumbani wiki mbili kabla, visimkate miguu kwenye majaribio.

Vipimo vya hapa kabla ya safari: damu kamili pamoja na ferritin, maana upungufu wa madini ya chuma unaonekana kama uvivu, na kocha wa kigeni hatajua tofauti. Électrophorèse pia, kipimo cha damu cha sickle cell. AS, yaani kubeba sickle cell bila kuugua, haimzuii kucheza, ila daktari wa klabu lazima ajue, kwa sababu mazoezi ya kukimbia bila kupumzika kwenye joto na bila maji yanaweza kumwangusha. Na malaria: homa ikimpata ndani ya miezi michache baada ya kutoka nyumbani, aseme mwenyewe kwa daktari, "Natoka Lubumbashi, nipimeni malaria leo." Kule watafikiria mafua kwanza.

Dawa ndipo wengi wanaponea chupuchupu. Vidonge vya dexaméthasone vinauzwa hapa kama pipi, vya mzio, vya homa, hata vya kunenepa. Kundi hilo la dawa limekatazwa siku za mechi kwa njia ya mdomo, na tangu Januari 2022 sindano zake zote pia. Akija likizo akachomwa sindano dispensari ya mtaa kwa maumivu ya mgongo, akarudi akacheza Jumapili, kipimo kinaweza kumfungia miaka. Kila dawa iandikwe jina, na daktari wa klabu aulizwe kabla. Miti shamba haina orodha ya vilivyomo, kwa hiyo iachwe kabisa.

Chakula kwa namba: kwa mchezaji wa kilo 58, siku ya kabla ya mechi ni gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo, yaani 350 hadi 460. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, kwa hiyo bukari (ugali) ina nafasi yake, kinyume na wanaomwambia binti aache kula "cha nyumbani". Protini ni gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo, yaani 93 hadi 128 kwa siku. Hapo ndipo sahani yetu hupungua: sombe (kisamvu) nyingi, samaki mmoja kwa watu sita. Chai asinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Angoje saa moja.

Nchi gani

Paris inaonekana kwa sababu ni Paris. Tazama ngazi ya Racheal Kundananji wa hapo Zambia: BIIK-Kazygurt ya Kazakhstan, Eibar, Madrid CFF, ndipo Februari 2024 Bay FC ya Marekani ikamlipia euro 735,000 hivi, rekodi ya dunia wakati ule. Aisha Masaka wa Tanzania alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Uswidi mwaka 2022, ndipo Brighton mwaka 2024. Kazakhstan haimpi mtu picha nzuri ya kuwatumia rafiki zake, lakini bingwa wa huko anacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na huko ndiko anaonekana.

Uingereza kutoka hapa moja kwa moja ni vigumu, kwa kuwa kibali chao kinahesabu alama kwa mechi za timu ya taifa na kiwango cha ligi anayotoka. Marekani kila klabu ya NWSL, ligi kuu ya wanawake huko, ina nafasi saba za wageni, na hawazitumii kwa mtu wasiyemjua. Moroko inalipa na ni karibu kwa mpira wetu. Tanzania inadharauliwa bure: ligi ina ushindani, Simba Queens na Yanga Princess zinafuatiliwa, na binti anazungumza Kiswahili na daktari wake. Mechi 25 Dar es Salaam akiwa na miaka 19 zina thamani kuliko benchi la daraja la pili Ulaya, ambako hakuna anayempiga video.

Fedha ya nyumbani kwa ufupi: kiasi kimoja, tarehe moja ya mwezi, mtu mmoja wa kupokea kwa Airtel Money au M-Pesa, na wengine wote waulize kwa huyo mmoja. Mshahara wa kwanza unaweza kufika siku ya 45, kwa kuwa akaunti ya benki inasubiri kadi ya ukaaji. Aende na fedha za miezi miwili, na familia iambiwe kabla ya Luano kwamba mwezi wa kwanza na wa pili hakuna kitu kitakachotumwa.